Mwanangu Hana Gredi Moja

Swali la kwanza ninaloulizwa na wazazi wenzangu wanaofundisha watoto nyumbani huwa moja: "Wako umemnunulia gredi gani?" Hawaulizi kama anapenda kusoma, wala kama anaelewa anachosoma. Nikiwajibu kwamba Kiswahili ametangulia umri wake kidogo, Kiingereza yuko palepale walipo wenzake, na hesabu yuko nyuma, hunyamaza. Ni kimya cha adabu, kama cha mtu aliyepewa habari ya ugonjwa na hajui kama aseme pole au ajifanye hakusikia. Halafu tunazungumza bei ya nazi.

Kimya hicho kimenichosha. Wengi wa wanaonyamaza ni watu ninaowapenda na nimekula kwao, kwa hivyo nayasema haya nikijua yatawauma: tumewatoa watoto wetu darasani, lakini darasa tumelibeba mgongoni tukaja nalo sebuleni. Tumeacha kengele, tumeacha sare, tumeacha bakora. Tumebakiza kitu kimoja cha shule, ile nambari iliyo kwenye jalada la kitabu, na tunaitii kuliko walimu wenyewe wanavyoitii.

Naijua nambari hiyo kwa sababu nimeitumikia.

Shule zilipofungwa Machi 2020, binti yangu alikuwa gredi ya tatu katika shule moja ya kibinafsi hapa Mombasa. Tulidhani ni mambo ya wiki tatu nne. Tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu, marehemu George Magoha, akatangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini, na hoteli zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo karo haikuwa jambo la kujadiliwa. Tukaamua asome nyumbani. Hilo lilikuwa la lazima. Lililofuata halikuwa la lazima, nililifanya kwa kiburi changu mwenyewe.

Nilipiga hesabu hivi: wenzake watarudi Januari 2021 kumalizia gredi ya tatu, wangu ataanza ya nne. Mwaka uliopotea kwa watu wote, kwangu utakuwa faida. Nikaenda duka la vitabu nikanunua seti nzima ya gredi ya nne, mpya, inanukia wino, kwa pesa za mahamri niliyokuwa nikiuza kwa oda miezi miwili. Mwenye duka akanipongeza. Ukinunua kitabu cha gredi ya juu anayepongezwa ni mama, mtoto bado hajafanya lolote. Hilo nililiona baadaye.

Wiki saba tulikwenda vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Mimi nauliza, yeye anajibu, mimi natia tiki. Siku moja nikaamka na jino. Uso ulikuwa umevimba, nimejifunga leso kichwani mpaka kidevuni, sura yangu yote imekaza kama ngoma. Akaja na zoezi la nusu na robo. Nikamwuliza, robo mbili ni sawa na nini? Akanitazama. Akasema, nne. Akanitazama tena, akasema nane, kisha moja, kisha nusu, kisha robo, na macho hayatoki usoni mwangu. Ile nusu aliitamka akaipita, kama mtu aliyepita nyumba anayoitafuta kwa sababu hakuna taa barazani.

Hapo ndipo nilipofahamu. Wiki zote saba mtoto hakuwa akisoma kitabu, alikuwa akinisoma mimi. Nyusi zangu zilikuwa zikimwambia lini aache kubahatisha, na siku ile nyusi hazikuweza kusema. Sijui kama umewahi kumwona mtoto wa miaka tisa akifanya kazi kiasi hicho ili asionekane hajui. Ni kazi ngumu kuliko hesabu yenyewe, na mimi ndiye niliyempa.

Jino lilipotulia nilianza kumrudisha nyuma polepole. Nikamwambia aandike mia tatu na tano. Akaandika 3005. Nikamwambia aandike elfu moja na ishirini. Akaandika 100020. Alikuwa akiandika alichosikia: mia tatu, halafu tano, elfu moja, halafu ishirini. Alikuwa na kitabu kinachomtaka azidishe na kugawanya namba kubwa, na bado hakuwa anajua kwamba sifuri hushika mahali pa kitu kisichokuwepo. Bila kujua hilo, kukopa katika kutoa ni uchawi tu, unafuta hii unaandika ile kwa sababu mwalimu amesema. Na bila kutoa hakuna kugawanya, na bila kugawanya robo ni neno la dukani, robo ya sukari, robo ya mchele, halina uhusiano wowote na mistari ile kitabuni. Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka, na alikuwa akisema ukili uliolegea huwezi kuukaza wakati wa kushona. Utashona, na mkeka utaonekana mkeka, mpaka mtu aukalie.

Yapo maandishi ya watu wakubwa kuhusu jambo hili. Mwaka 2012 watafiti Lant Pritchett na Amanda Beatty waliandika juu ya nchi ambazo mitaala yake inakimbia kuliko watoto. Hoja yao inashangaza ukiisikia mara ya kwanza: mtaala ukipunguza mwendo, watoto huishia kujua mengi zaidi, kwa sababu aliyeachwa nyuma mwezi wa pili hajifunzi kitu mwezi wa tatu, wala wa nne, wala mwaka unaofuata. Anakaa tu. Kabla yao, tangu 2009, mradi wa Uwezo ulikuwa ukipita majumbani Kenya, Uganda na Tanzania kupima watoto, na mwaka baada ya mwaka ulikuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo chao cha kusoma hakikufuata darasa la mtoto. Kilikwenda kwa ngazi, herufi, maneno, aya, hadithi, na pale unapokwama ndipo ulipo, hata kama sare uliyovaa ni ya darasa la saba.

Habari hizo tulizisoma magazetini tukatikisa vichwa na kuzisikitikia shule za serikali. Haikutupitikia kwamba zinatuhusu sisi. Mwalimu mwenye watoto sitini ana udhuru: hata akijua kwamba kumi na wawili wamebaki nyuma, atawafanya nini na silabasi inamngoja? Mimi nina mtoto mmoja mezani, mchana kutwa, hakuna mkaguzi, hakuna mwalimu mkuu. Udhuru wangu ulikuwa upi?

Na hapa niwaseme kidogo wauzaji. Seti ya vitabu, masomo yote ya gredi moja ndani ya boksi moja, ni rahisi kuuza na rahisi kununua, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko kuokota kimoja kimoja. Pembeni ya boksi wameandika umri. Mzazi anaangalia umri, anaangalia mtoto, analipa. Hakuna mtu ambaye angenunua viatu hivyo, akaangalia mwaka wa kuzaliwa badala ya mguu. Tena viatu hununuliwa jozi kwa sababu miguu hulingana. Hesabu na kusoma hazikuzaliwa mapacha.

Si wachapishaji wote walio hivyo, lakini. Vitabu vya hesabu vya Saxon vya Marekani vina majina ya ajabu, 5/4, 6/5, 7/6. Hicho cha 5/4 ni cha mtoto wa kawaida wa darasa la tano, au wa darasa la nne aliye mwepesi. Jina lenyewe linakwambia usikimbilie kuamua. Na wale wanaofuata mfumo wa Accelerated Christian Education, ambao hapa Kenya wamo katika familia nyingi zinazofundisha nyumbani, huanza kwa mtihani wa kutafuta mapengo, kila somo peke yake, na mtoto hupewa kijitabu cha chini kwenye hesabu na cha juu kwenye Kiingereza bila mtu kushtuka. Mimi ni Mwislamu, mtaala huo si wangu, na kujaza nafasi zilizoachwa wazi siku nzima si ninavyotaka mwanangu asome. Katika hili, hata hivyo, nawapa haki yao. Shida ni kwamba nimemwona mama akipewa majibu ya mtihani huo, akaomba mtoto aanzie juu kidogo. "Kidogo tu," alisema, "asione haya." Mtoto alikuwa uani anacheza na paka, haya yoyote hana.

Kwetu haya zilivuka feri. Mama mkwe wangu alipopata habari kwamba hesabu nimeirudisha mpaka gredi ya pili, alitoka Likoni siku ileile, jua la saa nane.

"Nasikia mtoto umemrudisha darasa, mwanangu."

"Sikumrudisha, mama. Nimemfuata alipo."

"Watu watasema hana akili."

"Watu gani, mama?"

Hakunijibu. Nikamletea chai na mahamri yaliyobaki asubuhi. Tulipokwisha kuulizana habari za jamaa wote nikamwuliza, kama mtu anayepiga soga tu, yeye chuoni alisomaje alipokuwa mdogo. Uso ukamfunguka. Akanieleza alivyoanza alifu, be, te, kisha juzuu ya Amma; alivyoingia na binamu yake aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka miwili, na binamu huyo akampita. Na kulikuwa na kijana mmoja mkubwa, sauti imeshaanza kuvunjika, naye alikuwa kwenye Amma pamoja na vitoto.

"Maalim hakuwauliza umri?"

"Umri wa nini? Anakwambia soma. Ukisoma bila kukwama, kesho mbele. Ukikwama, kesho papo hapo. Kwani msahafu unajua miaka yako?"

Akanywa chai. Kisha akanitazama, akajua nilikokuwa nikimpeleka.

"Lakini kile ni chuo," alisema.

"Na hii ni hesabu, mama."

Hakukubali, na sitajifanya kwamba alikubali. Alipoondoka alimpa mjukuu wake shilingi mia moja akamnong'oneza ajitahidi awafikie wenziwe. Hata hivyo alichonieleza kilibaki na mimi. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mtindo huu karne nyingi. Mtoto wa chuoni huulizwa amefika wapi, na jibu lake ni mahali ndani ya kitabu, mahali unapoweza kuweka kidole. Mtoto huyohuyo akivuka barabara kwenda shule huulizwa yuko darasa la ngapi, na jibu lake ni mwaka aliozaliwa umegeuzwa tu. Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora zilikuwepo, na wengi tulisoma tusiyoyafahamu maana. Ila swali la wapi pa kuanzia maalim yule, aliyekuwa akikaa chini na jamvi lake, alikwisha kulitatua, na sisi wenye intaneti bado tunaulizana.

Tena sisi ndio wenye methali. Mwenda pole hajikwai, tunamwambia dereva wa bodaboda. Ikifika hesabu ya mtoto, tunataka apae.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa kuwa najua kuna atakayeuliza. Niliazima na kununua vitabu vilivyotumika vya hesabu, gredi ya kwanza mpaka ya nne, nikavijalidi vyote kwa karatasi ya kaki ili nambari zisionekane. Kila asubuhi nilichagua mada moja, nikampa maswali kumi ya mwishoni, nami nikaenda jikoni. Kwenda jikoni ndiko kulikokuwa muhimu kuliko maswali, maana huko hakuna nyusi. Akipata tisa au kumi bila kuhangaika, tunapita. Akipata saba, au akipata kumi lakini kwa nusu saa ya kuhesabu vidole chini ya meza, tunasimama hapo. Sikuwa nikitafuta pale anapoanguka. Hapo anapoanguka hata jirani anapaona. Nilitafuta mahali pa mwisho anaposimama bila kushikwa mkono, tukaanza hapo. Kwenye namba na nafasi zake palikuwa mwanzo wa gredi ya pili. Kwenye vipimo, urefu na uzani na pesa, alikuwa tayari kwa gredi ya nne, kwa sababu amekua jikoni kwa mtu anayeuza mahamri. Hata ndani ya hesabu moja alikuwa watoto wawili.

Kisha likaja jambo lililonitia hofu, kwa sababu lingenifanya nikosee upande wa pili. Swali moja la maneno lilisema, kwa Kiingereza, kwamba Juma ana maembe 42 na Asha ana 27, Juma amemzidi Asha kwa mangapi. Akajumlisha, akaandika 69. Nilikuwa karibu kuandika kwamba kutoa pia hajui. Sijui ni nini kilichonifanya nimsomee swali lilelile kwa Kiswahili, nimempa mgongo, nakata vitunguu. "Kumi na tano," alisema, na kitunguu sijakimaliza.

Kitabu kilikuwa kikipima Kiingereza chake na kukiita hesabu. Sera ya nchi inasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na hapa kwetu lugha ya eneo ni hii ninayoiandika, lakini shule nyingi za kibinafsi mjini hufundisha hesabu kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na sisi wazazi ndio tunaolipia iwe hivyo. Kisha tunamkalisha mtoto mbele ya mtihani wa kupima kiwango ulioandikwa ng'ambo, watoto wanahesabu senti za dola na vipande vya pai ya tufaha, na tunayaamini majibu. Yeyote anayekupimia mtoto kwa lugha moja amekupimia nusu. Nilirudia maswali yote ya maneno kwa Kiswahili. Nusu ya "mapengo" yakatoweka. Lile la 3005 halikutoweka.

Wapo wanaoniambia kwamba nawafundisha wazazi kukata tamaa, kwamba mtoto hupanda kufuata matarajio ya mzazi wake. Mtaala huu wa umilisi wenyewe umelifanya neno hilo kuwa alama: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Nawauliza, matarajio ya nini? Mimi natarajia ajue kugawanya. Wewe unatarajia ashike kitabu cha kugawanya. Mtoto wangu alishika kitabu hicho wiki saba.

Hoja moja naikubali. Mtoto mkubwa, wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, ukimpa kitabu chenye picha za vifaranga na puto umemtukana, hata kama hesabu zilizomo ndizo anazozihitaji. Yeye aandikiwe kazi ileile kwa mambo ya umri wake: deni la mpesa, nauli, mabao ya ligi. Nchini India shirika la Pratham limewapanga watoto wa madarasa tofauti kwa kile wanachoweza kusoma, kwa muda fulani wa siku, bila kujali umri, na kazi hiyo imeigwa hata Afrika. Walifanya hivyo na madarasa yaliyojaa. Mzazi mwenye mtoto mmoja na kalamu hashindwi kubadilisha vifaranga kuwa mabao.

Hoja ya mtihani ndiyo nzito. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, wapo wazazi waliofikishwa mahakamani kwa kufundisha nyumbani, na hata asiyesumbuliwa na mtu anajua iko siku mtoto atataka kurudi, na mlangoni ataulizwa gredi. Wenzake binti yangu walifanya KPSEA mwaka 2023. Siku hizo yeye alikuwa nyumbani na kitabu cha hesabu cha gredi ya tano. Sitamwambia mtu kwamba alipaa akawapita. Alipanda ngazi tatu kwa muda ambao shule ingempandisha tatu, akiwa ameanzia chini, na bado yuko chini yao kwa kitabu kimoja. Kama nia yako ni kwamba jina la gredi lilingane na la mtoto wa jirani, njia yangu haitakufikisha. Ila namjua mtoto wa jirani. Huja kwetu jioni. Kitabu chake ni cha juu kuliko cha wangu, na yule anayemweleza mwenzake kugawanya, kwenye sakafu ya varanda, kwa chaki, si yeye.

Nimeandika hivyo na naona kiburi changu hakijafa. Basi niandike na hili.

Mwezi wa tano wa mwaka ule, 2021, alichana kaki. Labda ilichanika yenyewe pembeni akaimalizia, kama watoto wafanyavyo kidonda kikianza kukauka. Akaiona nambari. Alikuja jikoni na kitabu, hakulia, akauliza, "Mama, mimi ni mjinga?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Hapana, ni mama aliyekosea kununua." Ilikuwa kweli, lakini yeye hakuwa ameniuliza habari za kununua. Siku mbili hakugusa kitabu chochote, hata vya hadithi, naye ni mtoto anayesoma karatasi iliyofungiwa bajia. Siku ya tatu alirudi mezani mwenyewe, akafanya kurasa nne kwa hasira, zote sahihi, akanitupia daftari. Sikumpongeza. Niliogopa kusema neno.

Nimeifikiria sana kaki ile. Nilidhani naificha nambari ili isimwumize mtoto. Mtoto nambari ile haikuwa ikimwambia kitu mpaka alipoona kwamba mama yake ameifunika. Mimi niliyekuwa nikiwacheka wanaoona haya ndiye niliyekivalisha kitabu buibui. Ningeanza upya, ningeviacha vitabu wazi, nikamweleza tangu siku ya kwanza kwamba hiki ni cha pili na hiki ni cha nne na vyote ni vyake, kama bibi yake alivyojua tangu siku ya kwanza kwamba binamu yuko mbele na yule kijana mkubwa yuko nyuma, na jioni wote wakaenda kuoga baharini. Ile siri ndiyo iliyomfunza kwamba kuna cha kuficha.

Sasa namfundisha wa pili, mvulana, miaka sita. Kwa huyu nilikosea kinyume. Kwa kuwa dada yake nilimpandisha mno, huyu nilimwanzishia chini kabisa, herufi moja kwa siku, picha za kupaka rangi, nikajisifu kwamba nimejifunza. Mwezi mzima alikuwa mkorofi mezani: anaangusha penseli, anataka maji, anataka choo. Nikasema wavulana ndivyo walivyo. Dada yake ndiye aliyeniambia, bila hata kuinua kichwa, kwamba huyu husoma vitabu vyake vya zamani chini ya kitanda. Nikampa aya. Akasoma. Nikampa hadithi, akasoma, akaniuliza mbona yule sungura hakuadhibiwa.

Kitabu cha Kiswahili cha gredi ya pili alikimaliza wiki iliyopita, hakijajalidiwa. Hesabu bado tuko kwenye vifuniko vya soda, na tukipita ishirini anapoteza hesabu, tunaanza upya.